Taa mbili zimewaka, pointi ni ya nani?

Tangu fainali ya wanaume ya foili, mmoja wa panga za mchezo wa vitara, kwenye Olimpiki ya Paris 2024, vijana wangu wana mtindo mmoja. Wanaingia ukumbini Jumamosi asubuhi, na kabla hata hawajavaa soksi ndefu wananiletea simu. Video imesimamishwa pale 14 kwa 14. Cheung Ka-long wa Hong Kong na Filippo Macchi wa Italia wamechupiana, taa nyekundu imewaka, ya kijani nayo imewaka. "Kocha, wote wamedunga. Mbona apewe huyu?"

Huichukua simu, nikairudisha video nyuma sekunde mbili, nikawaambia watazame tena na wasiziangalie taa kabisa. Jibu liko kabla ya taa. Nafundisha na kuchezesha vitara hapa Nairobi, upande wa Eastlands, na sijaona jambo linalowasumbua watazamaji wapya kuliko hili. Mtu anautazama mchezo mara moja kwa miaka minne, anaona wawili wamegusana, mmoja anapewa pointi, naye anaondoka akiamini refa alijichagulia mshindi.

Tuanze na mashine inayowasha taa hizo, maana ndiyo inayopotosha. Foili haizidi gramu 500 na ubapa wake hauzidi sentimita 90. Hudungwa kwa ncha tu, na mahali halali ni kiwiliwili: kifua, tumbo, mgongo, kinena, pamoja na sehemu ya chini ya kile kitambaa cha barakoa kinachofunika koo. Mikono, miguu na kichwa havihesabiki. Ndiyo sababu juu ya jaketi nyeupe mchezaji huvaa kizibao cha nyuzi za chuma, kinachong'aa kama karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Waya hupita ndani ya mkono wa jaketi, ukaingia kwenye mpini, ukafuata mfereji mwembamba juu ya ubapa mpaka kwenye ncha. Hapo pana kitufe na springi ndogo ambayo ukiiangusha kwenye sakafu ya mbao usitarajie kuiona tena.

Kabla ya pambano refa hulisimamisha jiwe la mizani la gramu 500 juu ya ncha hiyo. Springi isipoweza kuliinua jiwe, foili inakataliwa. Na kuna siri ya umeme ambayo wazazi wengi hawaijui: kwenye foili umeme huzunguka muda wote, na kudunga ndiko kunakoukata mzunguko. Kwa hiyo mtoto akiona taa nyeupe inawaka ovyo hata hajamgusa mtu, asimlaumu mpinzani. Waya wake umekatika mahali.

Rangi, nyekundu upande mmoja na kijani upande wa pili, maana yake ncha imegusa kizibao. Nyeupe maana yake imegusa pasipohesabika, na pambano husimama bila mtu kupata kitu. Ncha ya kwanza ikishagusa, mashine huusubiri mguso wa pili kwa milisekunde 300, halafu hujifunga. Hiyo ni karibu theluthi ya sekunde, na kwenye foili muda huo ni mrefu sana. Mmoja anaweza kutangulia kwa robo sekunde, na bado mezani mkaona taa mbili zinazofanana kabisa. Mashine haijui nani alianza. Inajua tu kwamba ncha ilibonyezwa, na ilibonyezwa wapi. Yaliyobaki yote ni macho ya refa.

Sasa refa anatafuta nini? Kwenye sheria huitwa haki ya shambulio. Klabuni kwetu tunaiita zamu, na sijapata neno jingine ambalo watoto hulishika upesi hivyo. Foili ilizaliwa kama chombo cha kufunzia watu waliokuja kupigana kwa upanga wenye makali, na kanuni yake imebaki na kumbukumbu hiyo: upanga ukikujia kifuani, jiokoe kwanza, ndipo umdunge mwenzako. Ukimdunga huku wake umeshakuingia, kwenye upanga wa kweli nyote mmekufa. Anayeanza kunyoosha mkono, ncha ikitishia kizibao, huku anasonga mbele, huyo ana zamu. Mwenzake akitaka zamu lazima ainyakue: aupangue ubapa, au arudi nyuma mpaka shambulio liishie hewani. Akipangua, zamu imekuwa yake, ajibu mara moja. Akipangua kisha akasitasita kidogo tu, imempita tena. Wawili wakianza pamoja na wakagusana pamoja, hakuna anayepewa. Wanarudishwa kwenye mkao wa ulinzi palepale waliposimama.

Ndivyo ilivyokuwa pale Grand Palais. Kwenye 14 kwa 14 hawakugusana mara moja tu. Walichupiana, refa akaenda kwenye marudio ya video, pointi haikutolewa, wakarudishwa kuanza upya. Mwishowe Cheung akapewa ya 15 na kuitetea dhahabu aliyoichukua Tokyo, na Waitalia wakatangaza kuupinga rasmi uamuzi huo. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ninachowaambia vijana ni kwamba ugumu uko kwenye mkono uliokunjwa. Sheria inataka mkono unaonyooka, lakini wachezaji wa siku hizi hukimbia mbele mkono ukiwa bado nyuma, wakiunyoosha dakika ya mwisho, na marefa wengi huwapa zamu kwa sababu ya miguu. Mimi siupendi mtindo huo. Naona ndio unaozaa mabishano haya, na kwenye mashindano yetu madogo nautazama mkono kwanza.

Hata hivyo najua jinsi mtu anavyokosea. Kuna mashindano ya vilabu niliyochezesha, wavulana wa miaka 13, pambano la pointi tano, 4 kwa 4. Wakavamiana, taa mbili. Nilikuwa nimeiinulia mashine jicho mapema, nikampa aliyekuwa anasonga mbele. Yule mwingine aliganda kidogo, akavua barakoa, akatoa salamu kwa foili yake, akaja kunipa mkono wa kushoto, ule usio na glavu. Hakusema neno. Jioni mama yake akanitumia video. Sauti ilikuwa wazi: ti, chuma kwa chuma, na papo hapo jibu lake. Alikuwa amepangua. Sheria hairuhusu kurudi nyuma pambano likishaisha, na matokeo yalibaki. Jumamosi iliyofuata nilimwita mbele ya wenzake, nikamwambia nilikosea na zamu ilikuwa yake. Tangu siku hiyo nachezesha kwa masikio pia.

Watu huniuliza kwa nini nisiwafundishe epe tu, upanga mwingine wa vitara, maana kwenye epe mwili wote unahesabika, zamu haipo, na wakigusana pamoja kila mmoja anapata pointi. Na ni kweli epe ina mvuto wake hapa kwetu. Alexandra Ndolo aliivaa rangi ya Kenya huko Paris akicheza epe. Lakini foili humfundisha mtoto kungoja, na bara letu lina jina kwenye foili. London 2012, Alaaeldin Abouelkassem wa Misri, kijana wa miaka 21, alimtoa Andrea Cassarà aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia, akafika fainali na kufungwa na Lei Sheng wa China 15 kwa 13. Ile fedha ndiyo medali ya kwanza ya vitara ya Olimpiki kuja Afrika. Miaka minne baadaye, Rio, Ines Boubakri wa Tunisia akachukua shaba, foili tena. Ukutani kwetu picha zao wote wawili zimebandikwa juu ya sanduku la waya.

Siku hizi mazoezi ya mwisho wa asubuhi ni haya. Natandaza leso juu ya mashine, taa zisionekane. Wawili wanapanda kwenye njia ya mita 14, waliobaki wanakaa sakafuni. Nasema *En garde! Prêts? Allez!*, wanacheza, mlio wa mashine unasikika, nasimamisha. Kisha namchagua mmoja wa waliokaa anisimulie kilichotokea, hatua kwa hatua, bila kutaja taa. Wiki iliyopita alisimama mdogo kuliko wote, ambaye bado anaazima glavu. Alifumba macho kidogo, akasema, "Wa kushoto alikuwa na zamu. Akaukunja mkono. Wa kulia akapangua, nimesikia. Akajibu."

Nikaifunua leso. Taa zote mbili zilikuwa zinawaka.