Kibali cha uendelezaji ardhi: madiwani hupima nini?

Kibali cha uendelezaji ni ruhusa ya halmashauri ya jiji inayotangulia ujenzi au kubadili matumizi ya kiwanja, mathalani nyumba ya kuishi kugeuzwa baa. Kumiliki ardhi peke yake hakutoshi. Nchini Uingereza, sheria ya 1947 iliondoa haki ya mwenye kiwanja kujiendelezea apendavyo. New York ilisukumwa na kivuli: jengo la Equitable, lililokamilika 1915, lilipanda wima kutoka ukingo wa barabara na kuwaziba majirani jua. Mwaka uliofuata jiji likagawa maeneo yake kwa kanda, kila moja na matumizi yake na kanuni za ukubwa wa majengo.

Ombi likifika, ofisa mipango miji hulilinganisha na mpango wa jiji, hukagua kiwanja, huwatangazia majirani, na huuliza wahusika wa barabara na maji. Maombi madogo kwa kawaida huishia mezani kwa maofisa. Makubwa, au yenye mvutano, hupanda kwenye kamati ya madiwani yakiwa na pendekezo la kitaalamu. Madiwani wanaweza kulikataa pendekezo hilo, ila kwa sababu za kimipango. Vinginevyo uamuzi wao huporomoka kwenye rufaa.

Kinachowakera wananchi zaidi ni hesabu ya pingamizi. Sahihi mia tano zinazosema “hatutaki” zinaweza kuzidiwa uzito na barua moja inayoonyesha kwamba jengo litaziba mkondo wa maji ya mvua. Foleni, kelele, mwanga na mifereji vyote hupimwa. Huko Uingereza, kushuka kwa bei ya nyumba ya jirani hakupimwi, wala kupoteza mandhari aliyozoea kuyaona dirishani, na tabia ya mwombaji kwa kawaida haiingii kabisa. Ni kanuni ngumu kumeza, lakini ina mantiki: kibali hufuata ardhi, hakimfuati mtu. Mwombaji mnayemchukia anaweza kuuza kiwanja kesho, na mnunuzi akajenga kwa kibali kilekile.

Kati ya ndiyo na hapana kuna masharti: saa za kufunga, idadi ya maegesho, miti isiyokatwa. Kwa maoni yangu, jirani anayedai sharti mahususi huambulia zaidi kuliko anayepinga kila kitu, maana madiwani huwa wanatafuta namna ya kukubali bila kuumiza mtaa.

Mwombaji akikataliwa hukata rufaa. Jirani wa Uingereza hana njia hiyo. Amebakiwa na mahakama, nayo huchunguza kama sheria na utaratibu vilifuatwa, si kama jengo linapendeza. Ireland ni tofauti: aliyewasilisha maoni yake ndani ya muda uliowekwa anaweza naye kukata rufaa.