Kaboni namba 2 na uchungu wa balungi

Ukimenya balungi ukatafuna ule utando mweupe ulio chini ya ganda, uchungu unaokaa ulimini ni wa naringini, moja ya flavonoidi, yaani kundi la kemikali za mimea. Utando wa chungwa nao umejaa flavonoidi, hasa hesperidini, lakini hiyo haina ladha. Wengi hudhani tofauti iko kwenye kiini cha flavonoidi, yaani sehemu yake isiyo sukari. Kumbe iko kwenye sukari.

Naringini (C27H32O14) ni kiini kiitwacho naringenini kilichobeba sukari mbili. Glukosi imejishikiza kwenye kaboni namba 7 ya kiini, na ramnosi imejishikiza kwenye glukosi. Ramnosi ikishika kaboni namba 2 ya glukosi, unapata naringini, chungu kweli kweli. Ikishika kaboni namba 6, unapata narirutini, na ulimi hausikii kitu. Atomu ni zilezile, idadi ni ileile, uzito ni uleule. Kinachoamua ni kimeng'enya alichonacho mmea: balungi na danzi huunganisha kwenye namba 2, chungwa na chenza kwenye namba 6.

Ndiyo maana viwanda vya juisi hutumia naringinasi, kimeng'enya kinachong'oa sukari hizo. Kwanza inang'oa ramnosi, ikabaki prunini, ambayo uchungu wake ni kama theluthi tu ya ule wa naringini. Kisha inang'oa glukosi, na naringenini inayobaki haina uchungu. (Juisi ya chungwa inayogeuka chungu baada ya kukaa ni kesi nyingine: hiyo ni limonini, wala si flavonoidi. Naringinasi haiigusi.)

Kipande ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 1963. Wanakemia Horowitz na Gentili, wakichunguza uchungu huu huko Pasadena, Marekani, waliitia naringini kwenye alkali kali. Alkali hufungua pete ya kati ya kiini, na mchanganyiko hugeuka manjano, kwa sababu sasa una chalkoni, yaani umbo lililofunguka pete. Ukiongeza hidrojeni mbili kwenye kifungo maradufu cha chalkoni, rangi inapotea na unabaki na dihidrochalkoni. Ni tamu! Wakafanya vivyo hivyo kwa neohesperidini, flavonoidi chungu ya danzi, wakapata kitu kitamu zaidi: kikiwa kimezimuliwa sana, utamu wake hufika takribani mara 1500 ya sukari ya kawaida. Leo kinaongezwa kwenye vyakula kwa namba E959. Utamu wake huchelewa kuja na huchelewa kuondoka, ukiacha ladha kama ya mizizi ya susi, kwa hiyo mara nyingi huchanganywa na vitamu vingine.

Hesperidini ukiipitisha njia hiyohiyo, dihidrochalkoni yake haina utamu. Ramnosi yake iko kwenye namba 6. Ing'oe ramnosi hiyo, ubakize glukosi peke yake, na utamu unajitokeza.