Mdhanifu na mhalisia: ni watu wa aina gani?

Ukikaa barazani Zanzibar, iwe Darajani au Chake, hukosi kuwasikia wawili hawa. Mmoja anasema "inatakiwa iwe hivi", mwengine anamjibu "hali yenyewe ndiyo hii". Wa kwanza ni mdhanifu: huanza na jambo linavyopaswa kuwa, kisha akaipima dunia kwa kipimo hicho. Wa pili ni mhalisia: huanza na kilichopo, nani yupo na pesa ni kiasi gani, ndipo aulize kinachowezekana. (Wanafalsafa nao wana udhanifu wao, ule wa akina Plato na Berkeley. Huo ni mjadala mwengine.)

Tuchukue mfano wa pweza. Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, wanakijiji wamewahi kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kama mitatu asivue mtu pweza, halafu siku ya kufungua watu wakashuka kwa pamoja. Sasa fikiria kikao cha kijiji kinachotaka kuanza jambo hilo. Mdhanifu anasimama: tufunge mwamba wote, mwaka mzima, bahari ni amana, tuwaachie wajukuu. Watu wanaitikia.

Anafuata mhalisia. Mwaka ni mwingi, anasema. Pweza wa mwambani umri wake ni mwaka au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu, akayalinda mayai yake mpaka yaanguliwe, kisha akafa. Ukifunga mwaka mzima, wengi kati ya wale uliowawekea watakuwa wameshakwenda zao. Miezi michache inatosha, kwa kuwa pweza mdogo hukua upesi mno. Halafu anauliza ya papo hapo: boti ya doria nani ataitia mafuta? Wavuvi wa dago, wale wanaotoka mbali wakapiga kambi ufukweni, wakija, nani atawaambia? Na yule mama anayeshuka na kijiti maji ya bamvua yakitoka, akapata pweza mmoja akamuuza akanunua mchele, miezi yote hiyo atapika nini? Basi tufunge upande mmoja, upande wa pili ubaki wazi.

Hakumpinga mwenziwe. Pweza wanawataka wote wawili, na bila ya yule wa kwanza hata kikao kisingeitishwa.

Yupo na wa tatu, kaegemea nguzo huko nyuma: "Hata mkifunga wataiba tu. Mimi nasema ukweli." Huyu ndiye anayetuchanganya, maana hujiita mhalisia, na kwetu wamejaa. Mhalisia akitaja kikwazo hutaka kipatiwe njia. Huyu akishakitaja kazi yake imekwisha. Ni mkata tamaa, na kujua kwake mambo ya watu hakumbadilishi jina. Vivyo hivyo si kila mwenye maneno matamu ni mdhanifu. Mtazame mwamba ukifungwa: mdhanifu wa kweli atakuwa wa mwanzo kuacha kushuka.

Kwenye siasa mpaka huu unakuwa mgumu kuuona. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume wa CCM, na Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani cha CUF walikutana, baada ya miaka ya uchaguzi uliowaacha watu na uhasama. Kura ya maoni ikapigwa tarehe 31 Julai 2010, wengi wakakubali, ikaundwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Ulikuwa uhalisia, kwa kuwa kila upande uliona hauwezi kuufuta wa pili. Lakini kuamini kwamba watu waliokuwa hawazikani wataweza kukaa meza moja, hilo nami naliita udhanifu, na wa hali ya juu.

Tena mtu hawi wa aina moja kwa kila jambo. Mzee wa Wete akiutazama mkarafuu anajua utatoa pishi ngapi, wala hababaishwi na wingi wa majani. Binti yake akija kuposwa, mzee huyo huyo anataka mkwe mwenye dini, elimu, kazi serikalini, nyumba yake mwenyewe, na asiwe wa mbali. Mkarafuu mchanga yuko radhi kuusubiri miaka mpaka uzae; mkwe anamtaka leo, na awe ameshakamilika.