Korija ya Boriti na Mapato Yasiyoandikwa

Ingia nyumba yoyote ya mawe ya zamani mjini Lamu, kisha inua macho darini. Boriti zimelala sambamba, na juu yake matumbawe na chokaa. Upana wa chumba kile haukuamuliwa na fundi wala na mwenye nyumba, bali na mti. Boriti ya mkoko yenye nguvu ya kubeba dari zito namna ile huwa na urefu wa mita mbili na nusu, au zaidi kidogo, na ndiyo sababu vyumba vya wazee wetu ni virefu na vyembamba. Miji mingi ya Arabuni na Ghuba ilijengwa kwa kipimo hicho hicho, kwa boriti zilizopakiwa majahazini kwenye mwambao huu na kuvushwa kwa pepo za kusi.

Kazi yangu ni misitu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo nimeifanya topeni, nikipima mikoko. Nikiulizwa msitu unachangia nini katika uchumi wa mahali kama hapa, ambapo karibu kila mtu anakula kutokana na kilichoota au kinachoogelea, jibu linalotarajiwa ni idadi ya korija zilizotoka. Korija moja ni miti 20. Huhesabiwa, hulipiwa, na risiti hukatwa. Nimefikia kuamini kwamba hesabu hii, pamoja na unyofu wake wote, inatuharibia msitu.

Kwa mujibu wa mpango wa taifa wa kusimamia mikoko ulioanza 2017, Lamu ina hekta 37,350 za mikoko, yaani asilimia 61 ya mikoko yote ya Kenya. Kwa mtu anayetazama ramani, mali hiyo haiishi. Mkataji, lakini, hatafuti hekta. Anatafuta mti ulionyooka, wa unene ulioagizwa. Fito ndizo nyembamba kabisa, za kukandikia nyumba za udongo. Pau ina sentimita 4 hadi 8 hivi, kisha huja mazio, halafu boriti yenyewe inayoanzia kama sentimita 11, na nguzo juu yake. Soko linapotaka boriti, mashua huingia horini na bamvua, maji yanapojaa sana, na watu hupita katikati ya msitu wakichagua iliyonyooka. Iliyopinda huachwa. Baada ya miaka mingi ya kuchagua hivyo, unaingia msitu wa kijani kibichi, uliojaa miti, na unatembea nusu saa bila kuona boriti ya maana. Kwenye picha za setilaiti hakuna kilichopungua.

Hapa biolojia ya mti ina neno lake. Mkaratusi ukikatwa, kisiki huchipua. Mchu, mkoko wa aina nyingine, nao huchipua. Mkoko wenyewe, huu wenye mizizi ya matao, ukiukata chini ya majani umekufa. Mrithi wake ni ile mbegu ndefu inayoota ingali juu ya mama yake, ikaanguka na kusimama topeni. Ukiondoa miti mama iliyonyooka, unaondoa pia mbegu zake. Na subira inayotakiwa si ndogo: huko Gazi, kusini mwa Mombasa, mikoko iliyopandwa ilipopimwa baada ya miaka 12 ilikuwa na wastani wa unene wa sentimita 6 hivi. Miaka 12, na bado ni pau.

Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje. Biashara ya karne nyingi ikageukia Malindi, Mombasa na nyumba zetu wenyewe. Februari 2018 ukaja usitishaji wa kukata miti nchi nzima, wa siku 90 kwanza, kisha ukaongezwa. Nawaelewa walioutoa, misitu ya milimani ilikuwa inaisha. Lakini mkataji wa visiwa vyetu vya Pate au Ndau hana shamba la kumsubiri wala mshahara. Anakaa kambini wiki nzima na maji ya kunywa aliyokuja nayo, na katika bei ya boriti iliyofika dukani, sehemu yake ndiyo ndogo. Amri ya kufunga msitu inamwangukia yeye kwanza, na ikifunguliwa hurudi kwenye kazi ile ile, kwa uteuzi ule ule.

Sasa yale yasiyoandikwa. Kamba na kaa hukulia kati ya mizizi ile, na samaki wengi hupitia utoto wao humo kabla ya kwenda kwenye miamba. Mvuvi wa Kizingitini anayeuza samaki wake hatoi risiti ya msitu. Tope lililoshikwa na mizizi lisiende kufunika matumbawe, nalo halina korija. Mwaka 2012 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa upotevu wa misitu ya milimani uliigharimu Kenya shilingi bilioni 5.8 mwaka 2010, ilhali misitu na ukataji magogo viliingiza kama bilioni 1.3 kwa mwaka. Hesabu ile ilikuwa ya mito na mvua za bara, ila kasoro iliyoifichua ni hii ninayoiona huku pwani: linaloandikwa ni lile linalotoka msituni.

Mfano wa karibu tunao. Bandari mpya ilipojengwa Magogoni, hapa Lamu, bahari ilichimbwa na mikoko ikaondolewa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Bahari ile na mikoko yake ilikuwa ikiwalisha watu miaka yote, na hakuna daftari lililowahi kuitaja kwa shilingi. Ilipata bei siku ilipoharibiwa.

Ninachokitaka ni kidogo, na kinawezekana. Leseni itolewe kwa sehemu ya msitu iliyopimwa, badala ya idadi ya korija tu; sehemu iliyokatwa ipumzike; katika kila sehemu miti mama iliyonyooka iwekwe alama na isiguswe. Wakataji wenyewe ndio wawe wapimaji, walipwe kwa siku za kupima kama wanavyolipwa kwa siku za kukata. Wanaijua miti hii kuliko mimi. Na kando ya safu ya korija, daftari la mwaka liwe na safu ya kaa, kamba na samaki waliovuliwa kwenye hori lile lile.