Kusoma Mombasa kabla ya misheni

Husikika mara nyingi, hata vinywani mwa walimu, kwamba watu wa Mwambao walikuwa wa kusimulia tu, na kwamba kusoma na kuandika kuliletwa na wamisionari. Tarehe zenyewe hazikubali. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, ilhali Utendi wa Tambuka, shairi refu la masimulizi, uliandikwa kisiwani Pate mwaka 1728, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, ambazo watoto walifunzwa chuoni, yaani madrasani, kwa kuandika aya ubaoni, kuzihifadhi, kisha kuuosha ubao ili waandike aya nyingine.

Herufi hizo, ni kweli, zilimtaka msomaji awe macho: herufi be moja iliweza kusomwa b, p au mb, na mizani ya ubeti pamoja na maana yake ndiyo iliyoamua. Naona usomaji huo ulikuwa mgumu kuliko wetu wa leo. Wala haukuwa wa wanaume peke yao, kwani Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utendi wa mawaidha mwaka 1858.

Wamisionari walieneza herufi za Kirumi na vitabu vya kuchapwa, jambo kubwa lisilopaswa kubezwa. Lakini mmisionari William Taylor alipotaka kukusanya mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, ilimbidi amtegemee Mwalimu Sikujua, mwanachuoni wa mji huohuo, aliyeyajua na kumfafanulia.