Je, Wajua Kwa Nini Anayejiundia Ndege Nyumbani Hupima Siku Nzima Ili Atoboe Matundu Mawili?

Katika gereji ya nyumba ya kawaida nchini Marekani, mahali ambapo jirani huegesha gari, unaweza kukuta bawa la ndege limesimamishwa kwenye fremu ya mbao, na kando yake mtu asiyekuwa mhandisi wala fundi wa kiwandani akigonga ribiti, yaani vijipini vya kuunganishia mabati, baada ya kutoka kazini. Mtu huyo atashughulikia maelfu ya matundu kabla ndege yake haijaruka, na mengi atayapita bila wasiwasi. Lakini ipo siku moja ambayo atapima tangu asubuhi hadi jioni, atafuta alama zake na kupima upya, ili mwishowe atoboe matundu mawili tu, moja kwa kila bawa. Kwa nini matundu hayo mawili yaogopwe kiasi hicho?

Sheria ya Marekani inamruhusu raia kujiundia ndege, kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya kazi, ambayo watu wamezoea kuiita asilimia 51, ifanywe na watu wanaoifanya kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Kwa hiyo kiwanda huuza vipande, na mnunuzi huviunganisha mwenyewe. Mfano unaojulikana sana ni RV-7, ndege ya watu wawili inayotolewa na kampuni ya Van's Aircraft ya jimbo la Oregon, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973. Ndege za ukoo wa RV zilizokwisha kuruka zimezidi 11,000, na nyingi zimeundwa majumbani. Vipande huagizwa kwa mafungu: kwanza mkia, kisha mabawa, kisha kiwiliwili. Mabati ya aluminiamu huja yakiwa yametobolewa kwa mashine, hivi kwamba tundu la bati likilingana na tundu la ubavu, yaani kipande cha ndani kinacholipa bawa umbo lake, bawa lenyewe hujinyoosha kufuata matundu hayo.

Bawa hukamilishwa peke yake, likawekwa kando hata kwa mwaka mzima huku kiwiliwili kikiundwa, kwa sababu mabawa ya RV-7 yakishafungwa huwa na upana wa mita 7.6 kutoka ncha hadi ncha, na gereji nyingi hazina nafasi hiyo. Ndiyo maana ndege nyingi huunganishwa kwa mara ya mwisho katika banda la uwanja wa ndege, baada ya mabawa kusafirishwa kwa trela.

Ndani ya kila bawa zimo boriti mbili. Boriti kuu ndiyo inayobeba uzito wa ndege inapokuwa angani; mwisho wake huingia ndani ya kiwiliwili, chini ya miguu ya rubani, ukashikwa kwa bolti nene katika matundu yaliyokwisha kutobolewa kiwandani kwa usahihi mkubwa. Hapo mjenzi hana la kuamua. Boriti ya nyuma ni nyembamba zaidi, na kazi yake ni kulizuia bawa lisijisokote wala kusukumwa mbele na nyuma. Hiyo hushikwa kwa bolti moja tu, na tundu la bolti hiyo halikamilishwi kiwandani. Mjenzi hulitoboa bawa likiwa mahali pake, kwa sababu tundu hilo ndilo linalokaza mambo mawili kwa pamoja: bawa litaelekea wapi likitazamwa kutoka juu, na litainuka kwa pembe gani likitazamwa kutoka ubavuni. Kabla ya kutobolewa, bawa bado linaweza kusogezwa kidogo. Baada ya hapo halisogei tena.

Kipimo cha kwanza hufanywa kwa chombo ambacho kila fundi mwashi anakifahamu, yaani timazi. Mjenzi huning'iniza timazi kadhaa kwenye ukingo wa mbele wa mabawa yote mawili, kisha huvuta uzi sakafuni na kutazama kama ncha zote zinaugusa mstari mmoja. Timazi hucheza kwa upepo mdogo tu, hata wa mtu kupita, kwa hiyo wengine huitumbukiza ncha yake katika kopo la maji ili itulie. Baadaye hupimwa umbali kutoka ncha ya kila bawa hadi alama moja kwenye mkia. Umbali wa kulia na wa kushoto ukilingana, mabawa yamekaa sawa na kiwiliwili.

Kipimo cha pili ni cha pembe, nacho ndicho kinachowakosesha watu usingizi. Pimamaji huwekwa juu ya bawa kuelekea mbele na nyuma, upande mmoja ukikaa juu ya boriti kuu na upande wa pili juu ya kipande cha mbao kilichokatwa kwa kimo kinachotajwa kwenye michoro, kwa kuwa bawa hupungua unene kadiri linavyoelekea nyuma. Tuseme boriti mbili zimeachana kwa sentimita 70. Kosa la milimita moja kwenye boriti ya nyuma huibadilisha pembe kwa takriban 0.08 ya digrii, na bawa lenye pembe kubwa kuliko mwenzake huinua zaidi. Hapo ndege itataka kulala upande mmoja muda wote wa safari.

Kipimo cha tatu hakihusu kuruka bali uimara wa boriti yenyewe. Mshonaji anajua kwamba tundu la kifungo likikaribia mno pindo la kitambaa, siku moja kifungo kitachana na kutoka nje. Boriti nayo ni hivyo hivyo. Kanuni ya mafundi wa ndege ni kwamba kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati pasipungue mara mbili ya kipenyo cha bolti. Bolti ya boriti ya nyuma ina kipenyo cha karibu milimita 8, kwa hiyo milimita 16 ndiyo mpaka. Taabu ni kwamba mwisho wa boriti umejificha ndani ya uma wa kiwiliwili, yaani mabati yanayoushika pande zote mbili, hauonekani. Mjenzi mwenye busara huchora mistari kwenye boriti kabla ya kuiingiza, ili ajue kwa hakika ukingo uko wapi. Vipimo vyote vitatu vikubaliane, ndipo keekee ishikwe: huanza na ncha nyembamba inayopita katika kipande cha chuma cha kuiongoza isiinamie upande, tundu likapanuliwa kidogo kidogo.

Ubora wa tundu si jambo dogo kwa waundaji hawa. Mwaka 2023 ilibainika kwamba baadhi ya vipande vya Van's Aircraft, ambavyo matundu yake yalikatwa kwa leza, vilipata nyufa ndogo pale ukingo wa tundu ulipobonyezwa ili kukilaza kichwa cha ribiti. Kampuni ilibeba gharama kubwa ya vipande vya kubadilisha, na mwezi Desemba mwaka huo iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai huku ikiendelea na kazi.

Katika majaribio ya kuunganisha, boriti kuu hushikwa kwa bolti za muda zilizopunguzwa unene, kwa sababu bolti halisi hubana sana na hazifai kuingizwa na kutolewa mara kwa mara. Siku ya mwisho wapo wanaozigandisha kwanza kwenye friza ili zisinyae kidogo na kupita kwa urahisi. Nati hukazwa kwa spana inayopima nguvu, kisha huchorwa mstari wa rangi kuanzia kwenye nati hadi kwenye bati; mstari ukikatika, nati imezunguka.

Ndege mpya kwa kawaida hufanyiwa majaribio ya saa 25 au 40, kutegemea injini na propela yake, kabla haijaruhusiwa kubeba abiria wa kawaida. Katika saa hizo rubani husawazisha mafuta ya kulia na kushoto, akanyoosha ndege, kisha akaachia usukani. Ikianza kulala polepole upande mmoja, bado ipo tiba ndogo: atakapotua ataubana kidogo ukingo wa nyuma wa eleroni, kile kibawa kinachoilaza ndege, kwenye bawa jepesi, yaani lile linaloinuka, ili bawa lililoelemewa linyanyuke. Lakini ikilala kwa kasi, atarudi bandani na pimamaji yake kuyatazama tena matundu yale mawili.