Jikoni kubwa si lazima iwe jikoni poa

Huku Kisumu mtu akianza kujenga utaskia "nataka jikoni kubwa", eti ndio kazi iwe rahisi. Aii, kubwa pia inachosha. Kinachohesabika ni umbali kati ya friji, sinki na jiko la gesi, wachora ramani wanapenda ukijumlisha hizo pande tatu upate kama mita 4 mpaka 8 hivi, ikizidi hapo unatembea na samaki akidondosha maji sakafu nzima. Ikibana sana nayo mnagongana, na unajua vile mashemeji huingia kuonja.

Ni kweli ukipunguza nafasi unakosa pa kuweka sufuria za sherehe, hapo bora stoo ndogo kando.

Halafu kaunta, kila fundi anapiga sentimita 90, iko sawa kwa kukata sukuma, lakini weka jiko la meza juu yake, sufuria juu ya jiko, kisha songa ugali wa watu kumi uone mabega. Mimi ningeshusha upande wa jiko hata kama kaunta haitalingana, fundi anune tu. Na dirisha lisikae nyuma ya jiko kabisa, upepo wa ziwa utakuzimia moto.